Mgonjwa Aliyejifunika Kila Alhamisi

Boazi Kibona aliajiriwa hospitalini mwaka 1986 kufyeka majani, na kwa kuwa majani ya Mbozi hayaishi, angeweza kustaafu akiwa na fyekeo mkononi. Lakini mwaka uliofuata mgonjwa mmoja wa wodi ya akili alipanda juu ya tangi la maji akakataa kushuka. Wauguzi walimsihi, mchungaji alimwombea, na Boazi, aliyekuwa akipita zake, akamuuliza huko juu anaona nini. Yule mtu akasema anaiona kata ya Nanyala yote. Boazi akamwambia yeye hajawahi kuiona yote, asogee basi amwachie nafasi. Mgonjwa akashuka ili kumpisha. Jumatatu iliyofuata Boazi alipewa koti la kaki, rundo la funguo na cheo cha mhudumu wa wodi.

Ilikuwa wodi ya watu wazima katika hospitali ya misheni: vitanda ishirini na vinane, wanaume kushoto, wanawake kulia, lango la chuma katikati. Miaka ile nchi ilikuwa inafungua milango kwa kila kitu, kwanza mitumba, kisha redio za watu binafsi, mwishowe vyuo vikuu. Vyuo vilipozidi, wanafunzi wa saikolojia nao wakazidi, na kila mmoja alitakiwa kukaa wiki kumi na wagonjwa halisi kabla ya kupewa cheti cha kuzungumza na watu. Wakawa wanateremka pale barabarani, kundi baada ya kundi, na madaftari mapya.

Hakuna aliyemwomba Boazi awafundishe. Aliona tu kwamba wakiachwa hivihivi wataumia. Akawaonyesha kwamba usisimame kati ya mgonjwa na mlango, usiandike mtu anapolia, na usimwulize mtu mzima kama anasikia sauti kabla hujamwamkia. Kisha aliwapa ungo wa maharage. Wiki nzima ya kwanza mwanafunzi wa Boazi alikaa kwenye mkeka pamoja na wagonjwa akichambua maharage ya jikoni, huku wenzake wa vyuo vingine, kwenye hospitali nyingine, wakijaza fomu. Walilalamika wote. Boazi aliwaambia kwamba mtu anayechambua maharage haangaliwi usoni, na asiyeangaliwa usoni husema. Akaongeza kwamba hata wasiposema, maharage yatakuwa yamechambuliwa.

Yeye mwenyewe alikuwa msemaji. Ukimwuliza kitu alikujibu, usipomwuliza alikujibu vilevile. Kwa miaka ishirini na mitatu hakuna aliyewahi kumwona Mzee Boazi akikosa la kusema, na hilo ni muhimu kulijua kabla hatujafika Julai ya mwaka 2009.

Mwezi huo aliwasili Naila, na begi la magurudumu ambalo magurudumu yake yaliishia kwenye kokoto za lango kuu. Baba yake, Abdulswamad, alikuwa mtu wa Pangani aliyekuja Tunduma kufuata malori na akaishia kuyamiliki mawili. Alimtakia bintiye kazi ya uwakala wa forodha. Binti akachagua saikolojia. Wateja walipouliza, mzee alisema mwanawe anasomea udaktari wa mawazo, na kwa kuwa hakuna aliyejua hiyo ni kazi gani, wote walimpongeza.

Mtu wake wa kwanza kuhojiwa alikuwa mfanyabiashara wa vitenge kutoka hukohuko Tunduma. Fomu ilitaka aulizwe yuko nchi gani, ili ijulikane kama anajitambua. Yule bwana akajibu kwamba inategemea: akiwa sebuleni kwake yuko Tanzania, akienda chooni yuko Zambia. Naila, mzaliwa wa palepale, akamwuliza ni mtaa gani, na ndani ya dakika tano wakagundua wanashonewa na fundi mmoja. Kwenye fomu akaandika: anajua alipo kuliko anayeuliza. Daktari Masudi alimfanya aifute sentensi hiyo. Boazi, aliyepita na ndoo ya chai, aliisoma kabla haijafutwa, na tangu siku hiyo alimhesabu binti yule kuwa wake.

Daktari Masudi ndiye aliyekuwa msimamizi wa mafunzo, mtu wa Ujiji, msomi mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kutazamia watu. Alikuja kutoka Mbeya kila Alhamisi. Hakuwahi kuingia wodini bila Boazi kutangulia na kusimama mlangoni, tangu siku mgonjwa alipomng'ang'ania tai. Imani yake ilikuwa moja, na aliirudia kwa kila kundi: wauguzi husimulia, ndugu husimulia, yeye huandika anachokiona.

Wiki ya pili ya Naila, Jumapili ambayo Boazi alikuwa mapumziko, mwanamke mmoja alilazwa kitanda cha saba. Aliletwa na kaka yake kutoka Ikinga. Tangu ajifungue alikuwa halali usingizi, hali chakula, na akipewa mtoto anamtazama kama mzigo wa mtu mwingine. Aliandikishwa kwa jina la baba yake mzazi.

Jumatatu asubuhi Boazi alifungua upande wa wanawake, ndoo ya chai mkononi, mdomo umeshaanza hadithi ya jana. Mwanamke wa kitanda cha saba alimwona, akavuta blanketi kichwani, akaporomoka nyuma ya kitanda. Boazi alikata hadithi katikati. Akageuka uso ukutani, akaitua ndoo, akatoka kiubavu kama kaa. Hakuwa ameuona uso wa yule mwanamke, na hakuhitaji. Alimtambua kwa namna alivyotoweka. Alikuwa Atuganile, mke wa mwanawe Mika.

Wandali wa Ileje wanaoshika mila, kama Boazi na Atuganile, hawahitaji kuelezwa. Mke wa mwana na baba mkwe hawaangaliani usoni, hawapiti njia moja, hawali pamoja, hawasemezani, na wakikutana ghafla mwanamke hujifunika na kujificha mpaka mzee apite. Si chuki. Ni heshima ya daraja la juu kabisa, na kama heshima zote za daraja hilo, ina usumbufu. Kwa miaka minne Boazi na Atuganile walikuwa wameheshimiana bila doa. Sokoni asingemtambua ila kwa visigino.

Mika alikuwa karani wa wakala wa forodha, amepanga chumba huko Mpemba, karibu na Tunduma. Aliona aibu mkewe kuugua ugonjwa ule, akawaambia wazazi wake kwamba amekwenda Ikinga kumwuguza mama yake. Kisha, ili baba asijue, akapanga na shemeji yake amlaze kwa jina jingine katika wodi pekee ya akili ya eneo zima, ambayo baba yake ndiye anashika funguo zake. Kwa akili hiyo, wodi ingeweza kumpokea na yeye.

Sheria ya hospitali ilisema mtumishi mwenye ndugu aliyelazwa wodini kwake atoe taarifa ofisini, na ahamishiwe sehemu ya kufulia hadi ndugu aruhusiwe. Boazi aliijua, alikuwa amewasomea wengine. Lakini kutoa taarifa ni kutangaza alichokificha mwanawe, na habari ikitoka ofisini saa nne, saa sita iko kanisani. Akaamua kunyamaza. Kama msaada, akaanza kukohoa na kutikisa funguo hatua ishirini kabla ya kufika, ili mkwe apate muda wa kujificha kwa utulivu.

Naila aliandika: mgonjwa akisikia funguo hujifunika. Akapigia mstari mara mbili. Alikuwa amesoma kuhusu wanyama waliozoeshwa kuitikia kengele, na sasa amempata mtu.

Kwa mambo mengine yote Atuganile alikuwa anapona. Dawa ilimkubali. Wiki ya pili alilala usiku kucha, ya tatu alikula akaomba nyongeza, na kila alfajiri alikamua maziwa na kuyamwaga ili yasikauke, kwa sababu mtoto alikuwa Ikinga kwa bibi yake, akinyweshwa uji kabla ya wakati. Aliwauliza wauguzi siku za kurudi kama anayehesabu vidole. Wauguzi waliandika haya yote. Lakini Alhamisi ilipofika, Daktari Masudi aliingia nyuma ya Boazi, Boazi akiwa ametazama dari, na kwenye kitanda cha saba palikuwa na blanketi. Alhamisi ya pili, blanketi. Ya tatu akavua miwani ya kutazamia watu.

"Mimi naandika ninachokiona," alisema, "na ninachokiona ni blanketi."

Akaagiza dozi iongezwe kidogo. Akasema Alhamisi ijayo ikiwa hivihivi, Ijumaa mgonjwa aende na gari la rufaa kwenye hospitali kubwa, safari ya siku mbili. Waliokwenda na gari hilo walikaa huko miezi. Kila mtu wodini alipiga hesabu ileile: mtoto wa miezi mitano, na mama wa kurudi baada ya miezi.

Naila alikuwa amepewa Atuganile kuwa mgonjwa wake wa ripoti ya mwisho, akakaa siku mbili akipanga jedwali. Siku ambazo Boazi hayupo: mgonjwa anacheka, anasuka wenzake, anaimba. Siku ambazo Boazi yupo: chini ya kitanda. Mhudumu naye hamtazami mgonjwa, hugeukia ukuta. Jedwali lilikuwa safi, halina siku hata moja iliyokwenda kinyume. Chuoni wangelibandika ukutani. Lilimwuma, kwa sababu alikuwa amempenda mzee yule.

Jumanne alimkuta kwenye mkeka, akaketi mbele yake akavuta ungo.

"Mzee Boazi, nikuulize kitu, usinikasirikie."

"Uliza, binti."

"Yule dada wa kitanda cha saba. Umewahi kumpiga?"

Boazi aliokota kokoto kwenye maharage, akaitazama kama ina maandishi.

"Au kumfokea?"

Kimya. Kitabu cha Naila kilikuwa na sura nzima juu ya ukimya, na sura hiyo haikumsaidia Boazi hata kidogo.

"Basi Alhamisi nitaisoma ripoti mbele ya daktari. Nimeona nikwambie mwenyewe, usije ukasikia kwa watu."

"Umefanya vizuri," Boazi akasema. "Ndivyo nilivyokufundisha."

Nyumbani alimweleza mkewe, Loisi, kuanzia blanketi mpaka jedwali. Loisi hakulia wala hakumlaani Mika, ingawa alimtaja kwa majina yake yote matatu. Aliuliza tu mtoto anakula nini. Alipoambiwa uji, aliweka mwiko chini na kumwuliza mumewe ni watoto wangapi wa watu amewafungua midomo kwa maharage tangu mwaka themanini na saba. Boazi akasema hajawahi kuwahesabu. Loisi akamwambia akachambue kilo mbili zaidi, labda na wake utafunguka.

Jumatano asubuhi orodha ya awali ya gari la rufaa ilikuwa imebandikwa mlangoni mwa ofisi, kitanda cha saba namba moja. Boazi aliisoma mara mbili, akaenda kumtafuta Naila, akamkuta kibarazani anaiandika upya ripoti yake kwa mwandiko mzuri.

"Yule ni mkwe wangu," alisema.

Naila akasubiri maelezo yanayofuata. Hayakuja.

"Mkwe wako kivipi?"

"Mke wa Mika, mwanangu."

"Na ndiyo maana anakuogopa?"

"Haniogopi. Ananiheshimu."

"Kwa kujificha chini ya kitanda?"

"Ungemwona nyumbani, kwenye mahindi. Hapa nafasi ndogo."

Naila akaweka kalamu chini. Akasema kwao mkwe wa dada yake hushinda jikoni mwa watu akionja kila sufuria, na kama mtindo huu wa Ileje unafundishika, wangependa kuujua. Boazi hakucheka. Basi Naila akaona njia rahisi: mzee amwambie mkwe wake aache, kwa Alhamisi moja tu, dakika tano.

"Nimwambie kwa mdomo upi?" Boazi akauliza. "Sijawahi kusema naye."

Naila akaenda mwenyewe. Alimkuta Atuganile ameketi, anasukwa na Bibi Ketrina wa kitanda cha nane, akamwambia kwamba sasa anajua kuhusu Mzee Boazi. Atuganile akashangaa.

"Mlikuwa hamjui? Mlidhani najifunika bure? Nani atajifunika bure?"

Naila akatazama wodi nzima, akaona si busara kumjibu.

"Mimi nilijua tangu siku ya kwanza," Bibi Ketrina akasema, bila kuacha kusuka. "Nilikuwa namshikia upande mmoja wa blanketi."

"Bibi, kwa nini hukusema?"

"Nani aliniuliza? Kwenye faili langu imeandikwa nisisadikiwe. Soma."

Ilikuwa imeandikwa hivyo kweli. Naila akamgeukia Atuganile, akamweleza habari ya gari la Ijumaa na namna daktari alivyo mtu wa macho. Akamsihi avumilie kesho, akae wazi Boazi akiwa mlangoni, ajibu maswali matatu, arudi kwa mtoto. Atuganile alikunja kiganja kifuani, mahali maziwa yalipokuwa yanamwuma.

"Siwezi, dada. Nikimwonyesha uso kesho, nitamtazamaje baadaye?"

"Si hujawahi kumtazama."

"Ndiyo maana nasema." Akafuta machozi kwa ncha ya khanga. "Nipakieni tu."

Naila alirudi kibarazani akamkuta Boazi amesimama palepale, akampa jibu hilo. Alitarajia mzee ahuzunike. Boazi aliitikia kwa kichwa polepole, uso umemkunjuka, kama mtu aliyeletewa matokeo mazuri ya mtihani wa mwanawe. Akasema Mika amepata mke. Kisha akaomba karatasi moja ya daftari.

Barua aliyoiandika ilikuwa na mistari miwili: kwamba yeye Boazi Kibona anatoa taarifa kuwa mgonjwa wa kitanda cha saba ni wa nyumbani kwake, na yuko tayari kwenda kufulia kuanzia leo. Katibu wa hospitali alimwuliza mara tatu ni nani wake, na mara tatu Boazi akasema ni wa nyumbani. Akavua rundo la funguo kiunoni, akaliweka mezani. Ilikuwa saa nne. Alikuwa amekosea kidogo kuhusu kanisa: habari ilifika saa tano na nusu. Mchungaji alikuja kufulia kumtia moyo, akaomba naye joho lake lipitishwe kwenye maji ya moto, kwa vile tayari amefika.

Alhamisi Daktari Masudi alisimama nje ya lango la chuma dakika kumi na moja, wakati mlinzi wa getini, aliyepewa funguo kwa muda, anajaribu moja baada ya nyingine. Aliingia akiwa amenuna. Alipofika katikati ya wodi alimpita mwanamke mmoja aliyesukwa vizuri, aliyekaa kitandani na ungo mapajani, akasimama akitafuta.

"Kitanda cha saba yuko wapi?"

"Ni mimi," Atuganile akasema. "Shikamoo, daktari."

Daktari Masudi alivaa miwani ya kutazamia watu. Akauliza leo ni siku gani. Atuganile akajibu ni Alhamisi, na kwamba mtoto wake jana ametimiza miezi mitano na wiki. Akaulizwa kama analala, akasema analala kuliko anavyotaka. Akaulizwa kama kuna kitu kinamtisha humu wodini, akafikiri, akasema uji wa Jumatatu. Kisha yeye akauliza.

"Na wewe daktari, watoto unao?"

Hili halikuwa kwenye fomu. Daktari akasema anao wanne, wako Ujiji, hajawaona tangu Idi. Atuganile akampa pole, akamwambia aombe ruhusa. Bibi Ketrina akaunga mkono. Daktari akafungua faili akaandika kwa muda mrefu kuliko kawaida, akamgeukia Naila.

"Wiki hii umempa matibabu gani?"

"Tumebadilisha mhudumu, daktari."

Daktari alingoja aendelee. Naila akamweleza yote, mkwe, mlango, blanketi, hata jedwali lake na namna alivyolisoma kinyume, na hilo la mwisho alilisema akitazama maharage. Daktari Masudi alisikiliza mpaka mwisho. Akasema ni maelezo ya kuvutia sana. Kisha akaandika kwamba mgonjwa ameitikia vizuri nyongeza ya dozi, aruhusiwe kesho, na akafuta kitanda cha saba kwenye orodha ya gari.

Ijumaa saa tatu Mika alikuja na pikipiki ya kuazima. Alipitia kufulia kwanza, akasimama mbele ya baba yake aliyekuwa na mikono mpaka viwikoni kwenye sabuni, akaanza sentensi nne na hakumaliza hata moja. Boazi alimwachia azitafute. Mwishowe akamwambia, "Ungenieleza ningemtafutia kitanda cha dirishani," akampa ndoo ya shuka akamue, na Mika akakamua kwa bidii ambayo baba yake hakuwa ameiona tangu azaliwe.

Njia ya kutoka wodini kwenda lango kuu inapita kando ya kamba za kuanikia. Boazi alikuwa anatundika shuka ya tano alipoona Naila anakuja amebeba mfuko, na nyuma yake visigino anavyovijua. Akashika pindo mbili za shuka akaiinua mpaka juu ya kichwa chake, akasimama nyuma yake, inamchuruzikia viatuni. Atuganile, ingawa shuka ilitosha, akavuta khanga usoni. Alipofika usawa wake akasimama, akageuza mgongo, akapiga magoti akielekea upande mwingine.

Naila alijikuta katikati ya watu wawili ambao hawapo. Akatua mfuko.

"Dada," Atuganile akasema kwa sauti ndogo, "mwambie Mama Loisi nitamleta mtoto Jumapili."

Kutoka nyuma ya shuka sauti ya Boazi ikaja, nzito, ikimwelekea Naila peke yake.

"Binti, mwambie Jumapili mimi nitakuwa shambani tangu asubuhi, nyumba yote ni yao. Na leo akifika kwa mtoto, uji basi. Ampe ziwa kabla hajasalimia watu."

"Amesikia, Mzee. Yuko hapa."

"Mwambie."

Naila akageuka, akamwambia neno kwa neno. Na Atuganile, aliyekwisha kusikia mara mbili, akajibu kwamba amesikia.